"Portrait of a Legend" ya Sam Cooke: kwa nini ulipie zaidi wakati za bei chee zimejaa

Ukitafuta mkusanyiko wa nyimbo bora za Sam Cooke, mwimbaji wa soul wa Marekani, utakutana na makumi ya kava zinazofanana: kijana mtanashati, tabasamu, shati jeupe. Bei zinapishana sana ilhali nusu ya nyimbo ni zilezile, kwa hiyo mnunuzi huchukua ya bei chee akidhani amewahi. Kumbe kinachokosekana humo ndicho alichokuwa akikitafuta, na chanzo chake ni sheria ya haki miliki ya Ulaya.

Barani Ulaya rekodi za sauti zilikuwa zikilindwa kwa miaka 50. Ulinzi ulipoongezwa hadi miaka 70, mwaka 2013, rekodi ambazo muda wake ulikwisha kupita hazikurudishiwa kinga. Ndiyo maana kila kilichotoka kabla ya 1963 kiko huru, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa CD anaweza kukiuza bila kumlipa mwenye rekodi. Kampuni hizo hazitumii kanda mama, yaani zile halisi za studio. Nyingi hunakili kutoka santuri au CD ya mwenzao, kisha husafisha mikwaruzo kwa kompyuta mpaka matoazi yanalia kama mchanga ndani ya kopo.

Kwa mwimbaji mwingine, kukosa mambo ya baada ya 1962 kungevumilika. Kwa Cooke ni hasara kubwa. Alifariki Los Angeles tarehe 11 Desemba 1964 akiwa na miaka 33, na miaka yake miwili ya mwisho ndiyo iliyobeba "Another Saturday Night", "Little Red Rooster", "Good Times", "That's Where It's At", "Shake" na "A Change Is Gonna Come". Basi kipimo cha kwanza ni chepesi: geuza kava, tafuta "A Change Is Gonna Come". Haupo? Rudisha rafuni. Kipimo hiki kinaiangusha hata "The Best of Sam Cooke" ya kampuni ya RCA, ambayo ni halali na imetengenezwa vizuri, lakini ilitoka 1962 na nyimbo zake 12. Haingeweza kuwa na wimbo ambao ulikuwa haujatungwa.

Kipimo cha pili ni urefu wa wimbo huohuo. Ulirekodiwa Januari 1964 na kutoka kwenye albamu "Ain't That Good News" ukiwa na dakika 3 na sekunde zipatazo 10. Ulipotolewa tena kama singo Desemba mwaka huo, upande wa pili wa santuri ya "Shake", ubeti wa tatu ulikatwa ili redio zisinune: ule wa mtu Mweusi anayekwenda sinema na kuambiwa asizurure pale. Toleo lililokatwa lina dakika 2 na sekunde 35 hivi. Mpangaji wa ala, René Hall, aliupa kila ubeti rangi yake. Nyuzi zinatangulia, pembe inafuata, ngoma kubwa za timpani zinaingia baadaye. Kuondoa ubeti mmoja ni kung'oa kipandio cha ngazi. Ukiona 2:35 kwenye orodha, ujue umeuziwa wimbo pungufu.

"Portrait of a Legend 1951–1964", iliyotolewa na kampuni ya ABKCO mwaka 2003, inafaulu vipimo vyote viwili. Ina nyimbo 30, karibu ziijaze CD nzima, na kazi kubwa iliyofanyika hapa ni ya makaratasi kabla ya muziki. Nyimbo zake za injili akiwa na kundi la Soul Stirrers zilikuwa mali ya kampuni ya Specialty, zile za 1957 hadi 1959 za kampuni ya Keen, na za kuanzia 1960 zilitoka kwa RCA. Kwa miaka mingi wauzaji walikuwa wakikupa kipande kimoja cha maisha yake na kukiita kamili. Jaribio zuri la mapema, "The Man and His Music" ya 1986, liliadimika sokoni. Leo ni la kuwinda kwenye mitumba, na wenye nalo wanajua thamani yake.

Mlango wa mkusanyiko ndio sehemu iliyopangwa kwa akili kuliko zote. Unaanza na "Touch the Hem of His Garment" ya 1956, kisa cha mwanamke wa kwenye Injili aliyegusa vazi la Yesu, halafu unafuata "Lovable", aliourekodi kwa jina la bandia la Dale Cook ili waumini wasichukie. "Lovable" ni wimbo wa kanisani, "Wonderful", uliobadilishwa maneno tu: sifa za Mungu zimehamishiwa kwa msichana. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya atasikia mshono palepale. Kisha inakuja "You Send Me", na unaelewa kilichotokea. Mwenye Specialty, Art Rupe, aliwachukia waitikiaji laini waliowekwa nyuma ya Cooke, wakagombana, na Cooke akaondoka na mtayarishaji wake Bumps Blackwell pamoja na kanda. Keen ikautoa 1957, ukafika namba 1 Marekani.

Ile miluzi ya koo, "wo-o-o", isikilize katika nyimbo tatu hizo mfululizo. Haibadiliki kutoka madhabahuni hadi sebuleni.

Katikati pana tambarare. "Just for You", "Sugar Dumpling" na "Everybody Loves to Cha Cha Cha" ni nyimbo za kupitisha muda. Huo wa mwisho utamfurahisha aliyelelewa na rumba na cha-cha-cha, ingawa Wakongo waliicheza kwa utamu zaidi. Ruka upesi ufike "Chain Gang", wenye mlio wa nyundo na miguno ya wafungwa, kisha "Bring It On Home to Me" ya 1962. Sauti ya pili humo ni ya Lou Rawls, na ule mwitikio wa "yeah" baina yao ni wa kanisani mtupu. "Little Red Rooster" nao usiupite: kinanda kinachojibishana na Cooke kinapigwa na Billy Preston, wakati huo kijana wa miaka 16.

Mpangilio haufuati miaka kikamilifu, na hilo litawaudhi wanaopenda historia iliyonyooka. Mimi nalivumilia kwa sababu ya mwisho wake: baada ya "A Change Is Gonna Come" unarudishwa kwenye "Jesus Gave Me Water" ya 1951, kijana wa miaka 20 aliyeingia studio na Soul Stirrers kwa mara ya kwanza.

Kasoro zipo. "Send Me Some Lovin'" na "Frankie and Johnny", zote zilizofika 20 bora Marekani mwaka 1963, hazimo, wakati "Tennessee Waltz" umepewa nafasi. Pia kiwango cha sauti kinapanda na kushuka, kwa kuwa rekodi za Keen ni nyembamba na za RCA ni nene. Hilo ni kosa la studio za enzi hizo, hakuna fundi angeliondoa bila kuharibu. Usiongeze besi kwenye kifaa chako ili kulifidia. "Chain Gang" itavimba.

Kuhusu diski yenyewe: matoleo ya mwanzo ni ya tabaka mbili, SACD (diski ya sauti ya hali ya juu inayotaka mashine yake) na CD ya kawaida. Nembo ya SACD isikutishe, kwani mashine ya kawaida husoma tabaka la CD, ikiwemo redio ya gari lililotoka Japani. Lakini kama huna mashine ya SACD, usilipe ziada kwa ajili ya nembo hiyo. Kijitabu cha ndani kina maelezo ya kila wimbo yaliyoandikwa na Peter Guralnick, mwandishi wa wasifu wa Cooke, naye anaijua habari hii kwa undani. Ukisikiliza mtandaoni unakikosa. Kwenye programu za muziki, teremka chini kabisa ya orodha ya nyimbo, penye alama ya ℗, inayomtaja mwenye rekodi. Pakiwa na jina la ABKCO, uko salama. Pakiwa na jina la kampuni usiyoijua, rudi kwenye vile vipimo viwili.

Onyo moja la kawaida la soul halimhusu Cooke. Kwa mwimbaji Percy Sledge, kwa mfano, mikusanyiko ya bei rahisi hujaa nyimbo maarufu alizozirekodi upya uzeeni, na lazima utafute maneno ya kukiri hivyo kwa herufi ndogo nyuma ya kava. Cooke hakupata uzee.

Ukiwa na pesa ya diski moja, nunua hii, na kama ni ya mtumba hakikisha kijitabu kimo. Ukiwa na pesa ya mbili, usichukue mkusanyiko mwingine: chukua "Live at the Harlem Square Club, 1963", tamasha la Miami la Januari mwaka huo, lililokaa kabatini hadi 1985. "Bring It On Home to Me" ya pale ina ukwaruzo wa koo ambao singo haina. Aliye na albamu za "Night Beat" na "Ain't That Good News" tayari, pamoja na tamasha hilo, atapata humu hasa zile za injili na za Keen. Huyo asubiri bei ishuke.