Mafunzo ya kupokea wageni wa Kimarekani hapa Iringa: niliyoyaona

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita mtaa wa Gangilonga. Wageni wangu wengi ni Wamarekani, hasa wa jimbo la Minnesota, wanaokuja kwa undugu wa Walutheri wa Iringa na wa Saint Paul, mji mkuu wa jimbo hilo. Wengine hulala usiku mmoja tu kabla ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Mwezi uliopita nililipa shilingi 40,000 kuhudhuria mafunzo ya siku mbili kuhusu desturi zao. Mwalimu ni mama wa hapahapa, ameishi kule miaka kumi na moja.

Zoezi la mezani ndilo lililonigusa. Mwalimu alikaa kama mgeni, nikamhudumia. Nikammiminia chai ya maziwa, nikatia sukari vijiko viwili, nikamwekea kitumbua cha pili cha kwanza hakijaisha. Akakisogeza kikombe pembeni taratibu. "Dada, hujaniuliza."

Kwetu kumuuliza mgeni kama atakula ni kama kumnyima. Kwao kuachiwa uamue mwenyewe ndiyo heshima. Hata mtoto mdogo huulizwa anataka maziwa au juisi. Na akisema hapana, amesema, hasubiri kubembelezwa. Nikamkumbuka bibi mmoja niliyemrundikia ugali kila jioni mpaka akaacha kushuka kula. Nilidhani anatudharau. Roho iliniuma sana.

Somo la bakshishi nalo lilinifungua macho. Sheria ya shirikisho kule inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mgahawa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha tangu 1991, bakshishi ijazie. Ndiyo maana mgeni huniuliza ampe mpishi kiasi gani, anaogopa kumdhulumu.

Kasoro zipo. Makaratasi yote yalikuwa ya Kiingereza, na wapishi wawili niliokaa nao walitoka nayo bila kuyasoma. Halafu dereva mmoja aliuliza kuhusu Wamarekani weusi na watu wa majimbo ya kusini, akajibiwa kwa sentensi mbili tukaenda chai. Nchi ya watu zaidi ya milioni 300 haiwezi kuwa na tabia moja. Waongeze siku ya tatu.

Sasa mezani kwangu chai ya rangi iko kwenye chupa, maziwa kando, sukari kando. Juzi mgeni mmoja alijimiminia mwenyewe, akakaa hadi saa nne asubuhi akinisimulia mashamba ya mahindi ya baba yake. Awamu ijayo nampeleka mpishi wangu.