Kusoma katuni za wengine au kuchora zako: ipi inasaidia kuelewa utoto uliokuumiza?

Kwa hela, kuchora kumeshinda, daftari na peni ya biki basi, hata kama hujui kuchora. Kitabu kama Stitches (2009), katuni za David Small kuhusu utoto wake mwenyewe, mpaka uagize na bei yake inauma. Lakini kile kitabu jamani... alikuwa na miaka 14, kaingia operesheni katoka karibu bubu, na nyumbani hakuna aliyemwambia ni kansa, wakati baba yake ni daktari wa eksirei na ndo alikuwa anampiga hizo eksirei tangu mdogo. Kurasa nyingi hazina neno hata moja, ni macho tu, na yule mtoto aliyenyamazishwa ndo unamsikia vizuri kabisa. Na ukizidiwa unafunga kitabu.

Kuchora hakufungiki hivo. Mimi nilichora mlango wa jikoni kwetu, kitasa tu, mkono ukaanza kutetemeka, ila nikakumbuka mambo ambayo hakuna kitabu kingenipa.

Kama bado usingizi hauji usiku, anza na kusoma. Kama una mtu wa kumpigia simu ukishamaliza kuchora, shika peni.