TAHADHARI: Challenger ya 1970 inayouzwa kama Hemi, kibao chake ni cha kuchonga

Wapenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani, hasa mlioko Marekani, Oman na Dubai, someni hapa kabla hamjatuma hata senti. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: Dodge Challenger R/T (toleo la spoti) ya 1970, rangi ya zambarau, injini Hemi 426 (V8 kubwa na adimu ya Chrysler, wenye Dodge), eti kila kitu ni cha kiwandani. Muuzaji anadai advansi haraka haraka kwa sababu "kuna mteja mwingine yuko njiani". Msitume.

Silaha yake ni picha ya kile kibao cha bati kinachokaa chini ya boneti, juu ya madigadi upande wa dereva. Kibao hicho husomwa kuanzia mstari wa chini kwenda juu. Hiki chake kinaanza na E74, yaani Hemi 426, kisha D21, gia nne za mkono, halafu namba ya chesisi inayoanza JS23R0B. J ni Challenger, S ni R/T, 23 ni milango miwili ya paa gumu, R ni Hemi kwa mara ya pili, 0 ni mwaka 1970, na B ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Hesabu imekubali, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Kibao hicho kimeshikwa na skrubu mbili tu! Wapo wanaovichonga vipya kwa oda, unawatajia herufi unazotaka.

Jamaa yangu anayeishi jirani na muuzaji alikwenda kuliona gari. Nilimwomba anipigie picha kibao cha dashibodi chenye namba ya chesisi, kile kinachosomeka ukiwa nje kupitia kioo cha mbele. Juu yake palikuwa na taulo, muuzaji akidai "jua linaharibu plastiki". Taulo lilipotolewa: JH23G0B. H ni Challenger ya kawaida, na G ni V8 318, injini ya kwendea sokoni na kurudi.

Muuzaji hakutetereka. Akamwonyesha namba zilizogongwa kwenye bati la juu la rejeta na kwenye ukingo wa juu wa bati linalotenganisha injini na dereva: zote zinalingana na kibao cha boneti. Ni kweli zinalingana, na ujanja wenyewe uko hapo. Kwenye bodi Chrysler waligonga tarakimu za mwisho tu, yaani mwaka, kiwanda na namba ya mfululizo. Herufi ya injini haimo. Kwa hiyo aliyechonga kibao aliacha namba ya mfululizo ileile, akabadilisha H kuwa S na G kuwa R. Hata namba iliyogongwa kwenye injini ni hizo hizo za mwisho, na injini nyingine inaweza kusuguliwa na kugongwa upya.

Rangi nayo ilimuumbua. Kibao kinasema FC7, ile zambarau. Chini ya zulia la buti bati ni jeupe, na hakuna dalili ya zambarau kuwahi kupita pale.

Alipobanwa akasema dashibodi ilibadilishwa. Basi ni balaa kubwa zaidi, maana kung'oa au kuchezea namba hiyo ni jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani.

Matapeli wanaipenda Chrysler ya miaka hii kwa sababu huwezi kuandikia kiwanda ukapewa kumbukumbu za gari lako. Ford kuanzia 1967 unaagiza ripoti ya kampuni ya Marti yenye kumbukumbu za kiwanda, Pontiac wana huduma kama hiyo iitwayo PHS. Kwa Chrysler unategemea kibao na ile karatasi ya kiwandani yenye orodha ya vifaa vya gari, inayokutwa kwenye springi za viti, nayo pia inaghushiwa. Na Challenger za Hemi za 1970 zilikuwa 356 tu, kwa hiyo pengo la bei kati yake na ya 318 ni kubwa mno.

(Na mwenye kuwauzia Chevrolet Chevelle SS, toleo la spoti, ya 1970 akisema namba ya chesisi inathibitisha SS, huyo naye mkimbieni. Malibu ya V8, yaani Chevelle ya kawaida, na SS za mwaka huo zote zinaanza 136.)

Dai video moja isiyokatwa: kibao cha dashibodi na riveti zake, stika ya mlango wa dereva yenye namba kamili, kisha hati ya umiliki. Zote tatu zisome sawa herufi kwa herufi. Jamaa yangu aliondoka bila kulipa, na tangazo limesharudi kwa jina jingine la muuzaji, picha ileile, bei imeshushwa kidogo.