Uzoefu wangu wa Sauti za Busara: Februari nyingi ndani ya Ngome Kongwe

Nilivuka bahari kwenda Unguja kwa ajili ya tamasha la muziki la Sauti za Busara kwa mara ya kwanza mwezi Februari 2010, nikiwa na marafiki watatu: mpiga gitaa la bezi wa Mwananyamala, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Tanga, na Mpemba mmoja tuliyesoma naye chuoni. Kisiwa kilikuwa gizani. Umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikuwa umekatika tangu Desemba 2009, na haukurudi mpaka Machi. Tulipita vichochoro vya Mji Mkongwe kwa mwanga wa tochi, jenereta zikinguruma milangoni mwa maduka na watu wamekaa barazani wakijipepea kwa sababu ya joto la kaskazi, kisha tukaingia Ngome Kongwe tukakuta jukwaa limewaka taa na watu wamejaa uwanjani. Nimekwenda kwenye matamasha mengi kabla na baada ya hapo, lakini usiku ule ndio ninaoupimia mengine yote.

Kilichonishika hasa hakikuwa zile taa. Mimi na mpiga bezi tulikulia Dar es Salaam, tukazoea maonyesho ambayo msanii huwekewa wimbo wake kwenye mashine, akashika kipaza sauti na kuimba juu ya sauti yake mwenyewe. Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, halikubali pleibeki: anayepanda jukwaani hupiga vyombo na kuimba papo hapo. Sharti hilo lilinibadilisha kama msikilizaji. Kundi la taarab lilipoketi na fidla, udi, kanuni (chombo bapa chenye nyuzi nyingi), akodiani na ngoma ya dumbaki, mpiga kanuni alichukua muda mrefu kukaza nyuzi zake, nami nikaanza kuzungumza na wenzangu nikidhani shughuli haijaanza. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hebu tulia kitako usikilize, maana huko kukaza nyuzi nako ni muziki." Nilinyamaza. Zilipoanza zile bashraf za ufunguzi, ambazo hazina maneno hata kidogo, nilielewa alichokusudia, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufika mapema ili nisikose hata mafundi wanapojaribu sauti.

Katika safari zetu za awali, kabla ya Aprili 2013 alipofariki, tulibahatika kumwona Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarab wa Zanzibar. Alikuwa mzee sana, mwenye kanga zake, na baina ya kiti na kipaza sauti alihitaji kushikwa mkono. Lakini alipofungua kinywa, sauti ile nzito yenye mikwaruzo ilifika hadi ukutani bila kutafuta msaada wa mitambo. Kina mama wa Kizanzibari waliinuka mmoja mmoja wakaenda kumtunza, wakicheza polepole huku wamenyanyua noti juu, na mwenzetu wa Tanga, ambaye si mtu wa kulia ovyo, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Dunia ilikuwa imekwisha kumpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, mwaka 2005, ila sidhani kama tuzo yoyote inafikia mwendo wa wale kina mama kuelekea jukwaani.

Rafiki yangu wa bezi alikuwa na usiku wake mwenyewe: ule waliopiga Jagwa Music, kundi la mchiriku. Mchiriku ni muziki wa vitongojini kwetu, wenye kinanda kidogo cha Casio, vipaza sauti vya honi, ngoma, na stuli inayogongwa kwa vijiti, na kwa miaka mingi watu wengi wa mjini waliudharau na kuuita wa wahuni. Kuuona umepewa jukwaa lile lile walilopewa wageni kutoka Afrika ya Magharibi, mbele ya umati uliokuwa ukiruka hadi vumbi likapanda, kulimfanya asimame wima mikono kichwani. Aliniambia baadaye kwamba aliona kama mtaa wake umealikwa rasmi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya tamasha hili, kubwa kuliko kuwaleta majina mashuhuri: kuwaweka wapiga zeze wa Kigogo, wazee wa taarab na vijana wa mchiriku mbele ya watu ambao bila hivyo wasingekaa saa nzima kuwasikiliza.

Kwa anayefikiria kwenda, nieleze mambo machache ya kawaida. Mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje, na ukishavishwa kitambaa cha mkononi unaweza kutoka kwenda Forodhani kula urojo na mishkaki, ukanywa juisi ya miwa, kisha ukarudi. Usikose maandamano ya ufunguzi, yenye beni (bendi ya tarumbeta) na ngoma, kwa kuwa hayo ni ya bure na ndiyo yanayowahusisha zaidi watu wa ng'ambo ya pili ya mji. Malazi yatafutwe miezi kabla. Mwaka mmoja nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeilipia iliwapa watu wengine vyumba vyetu, tukalala wanne kwa jamaa wa Mpemba wetu huko Mwembeladu, kwenye mikeka, na shangazi yake akatupikia boko boko asubuhi. Ratiba nayo huchelewa, hasa makundi makubwa yanapopishana na vyombo kubadilishwa. Sioni kosa kubwa hapo, kwa kuwa ndiyo gharama ya muziki unaopigwa laivu, lakini mwenye watoto wadogo au mwenye boti ya alfajiri na ajue mapema. Kasoro inayonisikitisha ni nyingine: saa za jioni, yanapopiga makundi machanga ya Zanzibar na ya bara, uwanja huwa bado mtupu, na wageni wengi huingia usiku wakati vijana hao wamekwisha kushuka.

Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, nasi tukaona jinsi mwezi Februari ulivyo mrefu bila hilo. Lilirudi 2017. Mwaka 2021, katikati ya korona, lilikuwa la siku mbili tu, na kundi letu likawa la watu wawili, mimi na mwalimu wa Tanga. Mpiga bezi ana kazi za harusi kila mwisho wa juma na huja anapoweza. Mpemba wetu amehamia Muscat, na likizo yake haiangukii Februari.

Safari yangu ya mwisho Mpemba wetu alinipigia simu wakati kundi la taarab linajiandaa, nikamwambia asikate. Niliinua simu juu ya vichwa vya watu, na sikuweza kusikia kama anasema neno au hasemi. Taksimu ya kanuni, yaani pale mpigaji anapopiga peke yake akibuni papo hapo, ilipoanza nilihisi simu ikitetemeka kwa ujumbe: alikuwa akiniomba nisogee mbele kidogo, kwani mtu wa ngoma alikuwa akimfunika mtu wa kanuni. Nikaomba njia kwa waliokuwa mbele yangu, nikasogea hadi chini ya jukwaa, upande wa nyuzi.