Chombo cha Kubebea Bia ya Drafti Jijini Mwanza: Kipi Kinunuliwe Kwanza
Wengi wanaotafuta chombo cha kubebea bia ya drafti, yaani ile inayomiminwa kutoka bombani, toka baa hadi nyumbani huuliza ukubwa na bei, ilhali kinachostahili kukaguliwa kwanza ni kifuniko. Bia huharibiwa na joto, mwanga, hewa na kupotea kwa gesi, na lager ndiyo inayoumbuka upesi, kwa kuwa ladha yake ni nyepesi na haina mahali pa kuficha kasoro.

Nafasi ya kwanza naipa chupa ya chuma cha pua yenye kuta mbili, ya lita 2 au pungufu kidogo, ambayo kifuniko chake kimetengenezwa kuhimili mgandamizo wa gesi. Ukitoka nayo Kirumba saa nane mchana kwa daladala hadi Buswelu, bia itafika na ubaridi wake, wakati chupa ya kioo ingehitaji deli la barafu. Kabla ya kulipa, omba kuijaribu: mimina soda kidogo, funga, tikisa, kisha zamisha kifuniko kwenye beseni la maji, na vipovu vikipanda kandokando ya mpira, mrudishie muuzaji hata kama amekupunguzia bei. Chupa ya kawaida ya chai haifai, kwani haikuundwa kubana gesi na tumbo lake la kioo linaweza kupasuka. (Niliwahi kuazima ya nyumbani, na wiki nzima chai ilinukia kimea.)

Kopo la alumini linalojazwa na kuzibwa kwa mashine papo hapo huhifadhi bia kwa muda mrefu zaidi ya vyombo vyote, ila nimeliweka la pili kwa sababu likishafunguliwa halifungiki tena. La tatu ni chupa ya kioo ya kahawia. Usikubali ya kijani wala nyeupe, kwa maana mwanga hupenya, ukavunja viambato vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, na kuacha harufu kama ya kicheche. Dumu la plastiki ni la mwisho kabisa.

Chombo chochote utakachochagua kipozwe kabla ya kujazwa, na mhudumu aingize mpira wa bomba hadi chini ili bia ipande taratibu bila kuchanganyika na hewa. Iweke kwenye friji na uinywe ndani ya siku 2 au 3. Ikishafunguliwa, imalize siku hiyo au kesho yake.

Unapoionja, tumia glasi iliyosuuzwa vizuri, kwani mafuta huua povu, na uiache ifike kama nyuzi 5 hadi 7, kwa sababu baridi kali huutia ulimi ganzi. Inuse kwanza. Ikinuka boksi lililolowa, hewa iliingia; ikiwa tamutamu na haichomi ulimi, gesi ilitoka, na hapo kagua tena ule mpira wa kifuniko.