Muuza tamthilia wa Samora: unasoma kwa sauti ndipo unalipa

Anayetafuta tamthilia za Kiswahili Dar anaijua adha yake: dukani unapewa vya mtihani tu, ukiuliza zaidi unaambiwa zimeisha. Kwa hiyo nawaelekeza kwa mzee mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya Barabara ya Samora.

Naongoza kikundi cha maigizo cha vijana Mbagala, na kitabu kwangu lazima kisemeke. Mzee analielewa hilo bila kuelezwa. Anakusogezea ndoo ukae, anakwambia, "Soma kwa sauti, mwanangu. Kikikukaba kooni, kirudishe." Nilianza na Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile ya 1969 aliyoirekebisha baada ya toleo la kwanza la 1963. Nikaenda moja kwa moja kwenye hotuba ya Antony kwenye msiba wa Kaizari. Anasema Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, ni mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena. Mwanzoni ni sifa, kufika mwisho ni tusi linalowasha moto mji mzima. Mwalimu hakulazimisha vina, kama Shakespeare mwenyewe asivyovilazimisha pale, ndiyo maana pumzi haikatiki. Muuza kahawa aliyekuwa akipita na birika lake alisimama mpaka nikamaliza. Nililipa elfu saba bila kuomba kupunguziwa.

Gogol nilimpata kwa elfu nne: Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka. Kiliandikwa Urusi, kikaigizwa mara ya kwanza 1836, lakini meya anapowageukia watazamaji na kuwauliza wanacheka nini, wakati wanajicheka wenyewe, vijana wangu walitaka kukiigiza wiki hiyohiyo.

Mapenzi ya mzee, hata hivyo, yako kwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya Vita vya Majimaji. Hakikai kwenye turubai. Kiko ndani ya mfuko wake wa nailoni, ukikitaka unakiomba. Na ana haki. Mle ndani mtu analizaa neno, maji, linaunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa shaka, kisha linamzidi nguvu yeye aliyelizaa. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikiri leo, kesho watoto wataambiwa baba zao walipigania uongo. Mzee alinishauri nikisome pamoja na Mfalme Edipode wa Sophocles, tafsiri ya Samuel Mushi, na ushauri huo peke yake una thamani kuliko vitabu nilivyonunua. Edipode anamlaani hadharani muuaji asiyemjua, kumbe amejilaani mwenyewe. Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo na Mtanzania wa 1969, wote wawili wanamwonyesha mtu akifukuzwa na kauli iliyotoka kinywani mwake. Nimeshaamua: mwaka huu tunaigiza vipande vya tamthilia hizo mbili katika onyesho moja.

Kasoro zipo. Kagua kurasa kabla ya kulipa, maana vingine vimechomoka pini na karatasi za katikati hazipo. Usitegemee kupata nakala mbili za kitabu kimoja, wala risiti. Linaloniuma zaidi ni uhaba wa tamthilia za Penina Muhando. Hatia ilikuwepo, haina jalada. Nguzo Mama haikuwepo kabisa, na mabinti wa kikundi changu wanaihitaji kuliko Kaizari yeyote. Mzee alichukua namba yangu akaahidi kuitafuta, na kweli alipiga, akaniambia bado anaulizia kwa wenzake wa Kariakoo.

Anapokea taslimu na pesa za simu. Nenda asubuhi, jua halijawa kali na yeye hajachoka kuzungumza. Mawingu yakitanda anakunja turubai mapema.