Nililipia bodi ya "biti 16", nikapewa biti 10

Nina hasira bado, lakini ngoja niseme. Bodi ya USB niliyouziwa Kariakoo, ya kusoma mwendo wa vidhibiti vya simulata ya ndege na kuupeleka kwenye kompyuta, yenye stika ya "biti 16", ni ya biti 10. Aliyeniuzia ama alijua, ama hakutaka kujua.

Pedali zangu nimeziunda kwa mbao na bomba la chuma, nirushe ndege ndogo ya Cessna 172 kwenye simulata ya X-Plane, Dar hadi Zanzibar. Potenshometa, kile kifaa cha kuzungusha kinachogeuza mwendo kuwa volti, nimeifunga moja kwa moja kwenye ekseli, bila gia, kwa hiyo pedali zikitembea zote inazunguka digrii 30 tu kati ya 300. Maana yake natumia sehemu ya kumi ya uwezo wa bodi. Biti ndizo zinazosema bodi inaugawa mwendo katika hatua ngapi: biti 10 ni hatua 1,024. Sehemu ya kumi ni 102, yaani kama 51 kwa kila mguu. Biti 16 ni hatua 65,536, na hapo ningebaki na zaidi ya 6,500. Ndiyo sababu niliongeza pesa, karibu mara mbili ya bei ya bodi ya kawaida.

Siku ya kwanza kupaa, pua ya ndege iliruka kushoto, ikaruka kulia. Ukigusa kidogo hakuna kitu. Ukiongeza nywele moja, ndege inakata kona. Kutua upepo ukivuma ubavuni hakukuwezekana kabisa.

Nikafungua programu inayoonyesha namba ghafi na kusogeza pedali polepole sana. Namba zikaja: 32,000, kisha 32,064, kisha 32,128. Katikati hapo hakuna kitu. Nikaitoa potenshometa kwenye ekseli, nikaizungusha hadi mwisho, ikagota 65,472. Haikufika 65,535 hata mara moja. Zidisha 1,023, namba ya juu kabisa ya biti 10, kwa 64 uone unapata ngapi. Chipu iliyolehemewa pale ni ATmega32U4, ambayo kisomaji chake cha analogi, kinachogeuza volti kuwa namba, ni cha biti 10, na programu ya ndani inazidisha kwa 64 basi. Maziwa yametiwa maji hadi ndoo ikajaa! Angalau wangesoma mara 16 na kujumlisha, wangepata kama biti 12 za halali. Hata hilo hawakulifanya.

Nikarudi dukani na laptopu, nikamwonyesha kijana wa kaunta. Hakuitazama skrini. Akasema, "Kaka, si inafika elfu sitini na tano? Huo ni mchezo tu, unataka nini tena?" Nikamwita bosi wake. Yeye akanijibu mbele ya wateja kwamba wameuza nyingi na mimi peke yangu ndiye ninayelalamika. Nikamwambia, mzee, wengine hawajapima. Akaniambia nipishe wateja.

Sasa, haki itendeke. Bodi yenyewe si mbovu. USB haikatiki, lehemu ni safi. Nimeihamishia kwenye usukani wa mikono, ambako nina gia inayoizungusha potenshometa karibu yote. Usukani unatembea sentimita 18 mbele na nyuma, kwa hiyo kila hatua ni chini ya milimita 0.2, na kuinua pua kabla ya kugusa lami sasa ni laini kabisa. Kwa kazi hiyo biti 10 zinatosha, na kama stika ingesema ukweli ningewapa nyota nne bila kusita.

Lakini hapo ndipo hasira inaponipanda zaidi. Walikuwa na kitu kizuri cha kuuza kwa jina lake halisi!

Pedali nimezitengenezea njia nyingine kwa ADS1115, chipu ya kisomaji cha analogi cha biti 16. Potenshometa ikisomwa dhidi ya ardhi, yaani volti sifuri, inatoa biti 15 kati ya 16 zake, lakini ni za kweli. Kwa zile digrii 30 napata zaidi ya hatua 2,600, na hata nikizitupa biti mbili za mwisho zinazochezacheza zinabaki zaidi ya 600. Ndege inakaa kwenye mstari wa kati.

Ukienda kununua, uliza jina la chipu, uunganishe potenshometa palepale na kuizungusha taratibu. Namba zikiruka 64 kwa 64, ondoka. Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota mbili kwa ajili ya ile lehemu. Nimeghairi. Nawapa moja, na pesa yangu naidai.